UZI: Klabu ya watazamaji ndege Nairobi, watu 140, kundi moja la WhatsApp lililofurika. Tuanzie wapi?

katibu_mchovu
Wadau, salaam. Klabu ina wanachama 140, kuanzia wanafunzi wa chuo hadi wastaafu, na wote wamebanana kwenye kundi moja la WhatsApp. Tangazo la matembezi likiwekwa Jumatano, kufikia Alhamisi jioni limezikwa chini ya keki za siku ya kuzaliwa, "Amina" thelathini na video za siasa. Mtu akiuliza yule ndege wa kinamasi cha Ondiri wa mwaka jana alikuwa gani, hakuna pa kutafuta. Ada zinalipwa, ila kujua nani kalipa ni kazi ya upelelezi. Kamati inataka mahali pa wanachama mtandaoni panapoeleweka. Bajeti ndogo, wanaojua kompyuta ni wawili tu. Nipeni hatua, si nadharia.

Fundi Waya
Ndugu Katibu, weka programu kando kwanza. Chukua karatasi uigawe mara nne: tangazo, gumzo, kumbukumbu, daftari la wanachama. Hivi vitu vinne vina umri tofauti. Tangazo linaishi siku tatu, gumzo linaishi saa mbili, kumbukumbu inatakiwa kuishi miaka, na daftari halitakiwi kuonwa na kila mtu. Mmevitia vyote chungu kimoja ndiyo maana vinaungua. WhatsApp inafaa kwa viwili vya kwanza, haifai kwa cha tatu, na ni hatari kwa cha nne.

Kwa tangazo na gumzo, msiwahamishe watu. Tengenezeni Jumuiya ndani ya WhatsApp. Inakuja na kundi lake la matangazo ambalo wasimamizi peke yao ndio huandika. Chini yake wekeni makundi matatu, basi: Gumzo, Matembezi, na Ndege Gani Huyu. Msifungue la nne hadi moja kati ya hayo lishindwe kupumua.

Kwa nini matatu? Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kuhusu uwiano wa 90-9-1: mtandaoni, kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, mmoja ndiye huandika sana. Kwa watu 140 hiyo ni waandishi wazito mmoja au wawili na wachangiaji kama 13. Klabu ambayo watu hutembea pamoja msituni huwa na hali nzuri kuliko hiyo, lakini hata ukipata thelathini, ukiwatawanya kwenye makundi kumi kila kundi linabaki na watu watatu wanaoitikiana. Mgeni akiingia kundi ambalo ujumbe wa mwisho ni wa wiki tatu, hataandika neno.

Mambo madogo yanayosahaulika siku ya kuhama:
- Wasimamizi wawe watatu au wanne, kila mmoja na PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili. Matapeli hupenda akaunti ya msimamizi, kwa sababu akiomba pesa watu humwamini.
- Futeni kiungo cha zamani cha mwaliko na kutoa kipya. Cha zamani kilishazunguka mji mzima.
- Washeni kuidhinisha wanachama wapya kabla hawajaingia.
- Msilifute kundi la zamani. Lifungeni wasimamizi peke yao waandike, muache ujumbe mmoja juu unaoelekeza kwingine. Mkilifuta, kuna mtu atafungua lake jioni hiyo hiyo na mtakuwa na mawili.

Kumbukumbu nitarudi kuieleza. Hiyo ndiyo yenye kazi.

Nyasi Ndefu
Ongeza hapo: sheria kuhusu siasa iandikwe sasa, si Julai 2027. Mkiiandika uchaguzi ukiwa mlangoni, kila upande utasema imeandikwa kuwanyamazisha wao.

Mama Kipanga
Naunga mkono, na sheria zisizidi tano, zitoshe kwenye kioo cha simu bila kusukuma. Tena msimamizi akifuta ujumbe wa mtu WhatsApp huonyesha jina la aliyefuta. Kwa hiyo mwandikie mhusika pembeni *kwanza*, ndipo ufute. Ukifuta kimya kimya mzee wa watu atauliza mbele ya wote "kosa langu nini?" na hapo mmeshapoteza asubuhi nzima.

Mhasibu wa Mtaa
Nije kwenye ada, maana hapo ndipo klabu nyingi huumia.

Mpe kila mwanachama namba ambayo haitabadilika: herufi mbili na tarakimu tatu, kwa mfano ND047. Msitumie herufi O wala I popote, watu huzichanganya na sifuri na moja. Kama mna Paybill (namba ya M-Pesa ya kulipia yenye sehemu ya akaunti), namba hiyo ndiyo anayoijaza kwenye sehemu ya akaunti, na taarifa ya malipo inakuja ikiwa imeshajipanga. Till, ile namba ya M-Pesa ya dukani, haina sehemu ya akaunti, kwa hiyo mtabaki kulinganisha majina, na mtu akilipiwa na mkewe mnapotea.

Anayelipa aseme namba yake ya uanachama na ule msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi. Hiyo tu. Msiruhusu watu kubandika meseji nzima ya M-Pesa kundini. Ile meseji inaonyesha salio! Mtu analipa ada ya klabu, watu 140 wanajua amebakiwa na ngapi.

Daftari lenyewe ni jedwali moja lenye safu hizi: namba, jina, simu, baruapepe, tarehe ya kujiunga, ada inafika lini, njia anayopenda kupata taarifa, mtu wa kupigiwa dharura. Alishike katibu na mweka hazina, wawili. Safu ya "ada inafika lini" iwe tarehe, isiwe "ndiyo" au "hapana", kwa sababu Januari ikifika "ndiyo" haikuambii ni ya mwaka gani.

Wakili wa Kando
Mhasibu kasema vyema kwa kile alichokiacha nje. Namba ya kitambulisho cha taifa msiiombe, haina kazi kwenye kutazama ndege. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa shughuli uliyoieleza. Jedwali likivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenye data, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue.

La pili ni picha za watoto. Klabu za ndege hualika shule, na picha za watoto wenye darubini hupendeza kwenye ukurasa wa umma. Bila idhini ya mzazi au mlezi, usiweke. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Fomu ya matembezi iwe na mistari miwili tofauti, mmoja wa idhini ya kushiriki na mwingine wa idhini ya picha. Mkiiweka pamoja mzazi hana nafasi ya kukubali moja na kukataa nyingine.

katibu_mchovu
Asanteni. Fundi, nasubiri kumbukumbu. Na kuna wazee kumi na wawili wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, hao WhatsApp hawaijui kabisa.

Fundi Waya
Wazee wa kabambe: SMS. Zitumwe na mtu mmoja siku moja ya wiki, zisizidi meseji moja kwa tangazo. Hapa kuna mtego wa Kiswahili. SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa za kawaida. Ukiingiza alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya simu, meseji nzima hushuka hadi herufi 70. Emoji hufanya hivyo, na ile apostrofi iliyopinda hufanya hivyo pia. Andika "Ng'ong'o" kwenye kompyuta, programu ya kuandikia inaipinda apostrofi yenyewe, na tangazo lako la herufi 150 linatozwa kama meseji tatu. Tumia apostrofi iliyonyooka.

Kumbukumbu sasa. Mna njia tatu.

*Google Groups.* Bure, haina seva (kompyuta ya mtandaoni) ya kutunza, inafanya kazi kwa baruapepe, hifadhi yake inatafutika. Picha ni shida na sura yake imechakaa, ila inadumu bila fundi.

*phpBB kwenye hosting ya kugawana.* Ni programu ya jukwaa la majadiliano, inakaa kwenye seva ya kukodi mnayotumia pamoja na wengine. Inataka PHP na hifadhidata kama MySQL, na karibu kila hosting ya bei ya chini inavyo. Adui wake ni roboti za usajili. Ukiacha mlango wazi, wiki ya pili una wanachama mia tatu wanaouza dawa. Weka usajili uidhinishwe na msimamizi, na badala ya picha ya herufi zilizopindana weka swali la nyumbani: "Ndege gani wakubwa wenye mfuko shingoni hujenga viota kwenye miti ya karibu na uwanja wa Nyayo?" phpBB inakuruhusu kuweka majibu kadhaa, kila moja mstari wake.

*Discourse kwenye seva yenu.* Nayo ni programu ya jukwaa. Hii ndiyo ningeichagua kama wale mafundi wawili wapo kweli. RAM ya GB 1 pamoja na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 inabeba klabu hii, GB 2 inakupa nafasi ya kupumua. Isakinishwe kwa njia yake rasmi ya Docker, yaani kifurushi kilichokwisha kupangwa. Usijaribu kuijenga kipande kipande kwa mkono, utajuta siku ya kusasisha.

Kinachowashinda watu kwenye Discourse karibu kila mara ni baruapepe. Bila baruapepe hakuna kuthibitisha akaunti, hakuna neno la siri jipya, hakuna muhtasari wa wiki. Wapangishaji wengi wa seva hufunga mlango namba 25 (port ya kutumia baruapepe), kwa hiyo jisajili na huduma ya kupitishia baruapepe utume kwa mlango 587. Kisha kwenye DNS (rekodi za anwani) ya domeni weka SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba baruapepe imetoka kwenu kweli. Rekodi ya SPF iwe MOJA. Watu huongeza ya pili ya huduma mpya bila kuiunganisha na ya kwanza, na zikiwa mbili ukaguzi unashindwa kabisa, ni kama huna. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na wanachama wako wengi wako Gmail.

Mialiko usiitume 140 kwa mpigo. Domeni mpya haina sifa yoyote, ukifyatua mia na arobaini kwa dakika moja itaangukia takataka. Tuma ishirini kwa siku, anza na wale wenye mdomo.

Mama Kipanga
Fundi, nakuheshimu, lakini hapo kwenye seva nakupinga. Mafundi wawili leo, mwakani mmoja kapata kazi Kigali na mwingine kaoa. Nani atasasisha? Programu isiyosasishwa mwaka mzima ni mlango uliotegwa jiwe. Telegram ina mada ndani ya kundi moja, mgeni anaweza kuonyeshwa historia yote, utafutaji unafanya kazi, na namba ya simu inaweza kufichwa. Hilo la mwisho ni kubwa kwa wanawake. Kwenye makundi ya WhatsApp kwa kawaida namba yako iko wazi kwa kila aliyemo.

Fundi Waya
Hoja ya namba naikubali yote, na ndiyo sababu nyingine ya kuweka makundi machache. Lakini mama, mada ya Telegram bado ni gumzo. Hakuna kichwa cha habari kinachobaki juu ya jibu la swali moja. Baada ya mwaka utapata ujumbe 4,000 chini ya "Utambuzi" na jibu limo humo kama sindano kwenye mchanga.

Kuhusu mafundi kuondoka, dawa ni hizi: domeni isajiliwe kwa jina la klabu, si la fundi (or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, inawafaa). Akaunti zote zifunguliwe kwa baruapepe ya klabu. Nakala ya hifadhi ijitengeneze kila usiku na ITOKE nje ya seva, kwa sababu kwa kawaida Discourse huiweka kwenye diski ile ile, na seva ikifa inazikwa nayo. Mara mbili kwa mwaka irudisheni nakala hiyo kwenye seva ya majaribio muone kama inafunguka. Kama kamati haiko tayari kwa hayo, basi mama yuko sahihi: nendeni Google Groups mkalale.

Bundi wa Ngong
Mmezungumza mabomba, hamjazungumza maji. Kumbukumbu za ndege zina maumbo yake.

Kwanza majina. Mmoja ataandika kwarara, mwingine hadada, wa tatu jina la kwao. Ukitafuta "kwarara" hupati alichoandika mwenzako. Kila rekodi ibebe jina la kisayansi mara moja tu: *Bostrychia hagedash*. Zaidi ya hapo kila mtu aite apendavyo. Kichwa kiwe na mpangilio mmoja usiobadilika:

Ondiri | Jumamosi 12 | spishi 47 | rekodi

Na ndani: saa ya kuanza na kumaliza, njia iliyopitwa, watazamaji wangapi, hali ya hewa, orodha, na mwisho kabisa "wenye shaka". Hiyo sehemu ya wenye shaka ndiyo huleta mazungumzo. Orodha safi haina anayeijibu. Andika "kipanga, kifua kama kina michirizi, aliruka kabla ya picha" uone watu watakavyoamka.

Rekodi ikiandikwa hivyo inaweza pia kupelekwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya. Wao hugawa nchi kwa vipande vya dakika 5 kwa 5, takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta ndani ya kipande, ikijazwa kwa muda usiozidi siku tano. Matembezi yenu ya Jumamosi yanatosha tayari, mradi mtu ameandika saa.

Pili, na hili lisipuuzwe: viota. Bundi akionekana na makinda, picha ikiwekwa na mahali, kufikia Jumapili kuna watu ishirini chini ya mti, mmoja anapiga sauti za kuigiza kwa simu. Mbaya zaidi, kuna wanaomwona bundi kama mkosi na watampiga mawe. Sheria iwe: hakuna mahali pa kiota hadi makinda yaruke, na kwa *Macronyx sharpei*, ndege adimu wa nyasi za Kinangop, hakuna shamba linalotajwa kwa jina, wakati wowote. eBird, tovuti ya kurekodi ndege, yenyewe huficha mahali pa spishi nyeti. iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, ukichagua kuficha, huitupa alama popote ndani ya eneo la nyuzi 0.2 kwa 0.2, kwetu huku karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande.

Na mtego: ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, viwianishi vya GPS (namba zinazoonyesha mahali) huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, vinabaki ndani. Yaani wale wapiga picha makini, wenye lenzi ndefu, ndio wanaovujisha. Wafunzeni kuzima mahali kwenye kamera ya simu, na kwenye Discourse hakikisheni mpangilio wa kufuta taarifa za ndani ya picha umewashwa.

Nyasi Ndefu
Kuhusu ubora: picha ya simu ni MB 4 hivi. Kumi na mbili za matembezi ni MB 48, na kwa mtu wa bando la siku hiyo si salamu, ni faini. Zipunguzwe upande mrefu uwe pikseli 1600, zinashuka hadi karibu KB 400 moja, zote hazifiki MB 5. Kwa utambuzi inatosha kabisa. Ila ukataji ufanywe *kabla* ya kupunguza, la sivyo ndege anabaki nukta.

Korongo_Nyayo
Tafadhali msije mkamwita korongo mfukoshingo "mbaya" kwenye lile swali la usajili. Tuna hisia.

Mama Kipanga
😂 Haya. Sasa kitu kimoja hakijasemwa: nyumba tupu haikaribishi wageni. Kabla ya kumwita yeyote, wekeni ndani rekodi ishirini za zamani na maswali kumi yaliyojibiwa. Kisha wekeni zamu: watu sita, kila mmoja wiki yake, kazi yake ni kuhakikisha hakuna swali linalolala bila jibu kwa saa 24. Hata jibu la "sijui, ngoja nimwite Bundi" linatosha. Mgeni wa kwanza akijibiwa haraka hurudi. Asipojibiwa haondoki kwa kelele, anakaa kimya tu, na hutajua.

Tena fuateni majira. Wageni wa kaskazini wako huku tangu karibu Oktoba hadi Aprili, hapo watu wana la kusema bila kusukumwa. Juni hadi Agosti, baridi na mawingu, ndipo mambo hupoa. Basi kamwe usizindue Juni. Zindua Septemba mwishoni, wageni wakianza kuingia, na miezi ya baridi iwekewe vitu vya ndani: picha moja ya manyoya kila Ijumaa watu wabashiri, au kusahihisha majina kwenye rekodi za zamani.

Na msipange matembezi yenu Jumatano asubuhi. Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira asilia, wana yao siku hiyo kutoka Makumbusho ya Taifa kwa miaka mingi, mtagawana watu bure.

katibu_mchovu
Nimeelewa. Pendekezo langu kwa kamati: Jumuiya ya WhatsApp yenye makundi matatu wiki ijayo, jedwali na namba za ND kabla ya ada za Januari, Google Groups kwa rekodi mwaka wa kwanza. Discourse tukiona rekodi zinaandikwa kweli. Nikosoeni.

Fundi Waya
Mpangilio mzuri. Sajilini domeni sasa hivi hata kama hamtaitumia, na baruapepe ya klabu iwe kwenye domeni hiyo, ili siku ya kuhamia Discourse anwani zisibadilike. Halafu vichwa vya Bundi vianze huko huko Google Groups, neno kwa neno. Kuhamisha rekodi 200 zenye vichwa sawa ni kazi ya jioni moja. Zikiwa kila moja na sura yake, mtazihamisha kwa mkono.

Bundi wa Ngong
Tarehe kwenye kichwa iwe na mwezi na mwaka pia, kosa langu pale juu. "Jumamosi 12" haitamsaidia mtu mwaka kesho.

Nyasi Ndefu
Na mkifika kwenye phpBB au chochote chenye lile swali la Nyayo, kwenye majibu ongezeni "marabu" na "korongo" peke yake. Nusu ya watu wataandika hivyo.